Yosefu Alisimama Mlangoni

Lori la shamba lilikuwa na nafasi ya watu wawili mbele. Moja ilikuwa ya dereva na nyingine ilikuwa ya Meja. Meja alikuwa mbwa. Masikio yake yalining'inia kama soksi zilizoanikwa, na alipenda kutoa kichwa dirishani ulimi ukipepea. Sisi wachumaji wa kahawa tulisimama nyuma pamoja na magunia, tumeshikana mabega ili tusimwagike barabarani kati ya Ruiru na Thika.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya jua zuri, katikati ya msimu wa kuchuma. Lori lilikuwa limesimama kiwandani tukishusha madebe yetu. Kaka yangu Njoroge akamtazama Meja kwa muda mrefu, kichwa amekilaza upande, kama mtu anayepima jambo la maana. Kisha akasema, "Mimi nikiendelea na bidii hivi, na nikiwa na tabia nzuri, siku moja watanipandisha cheo niwe mbwa."

Alianza kucheka kabla hajafika kwenye neno "mbwa". Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Njoroge. Kicheko chake kilimtangulia kama mbuzi anayemvuta mwenye kamba. Hata mizaha ya wengine aliicheka kabla ya wakati, ikabidi msimulizi angoje mpaka amalize, halafu ndipo aendelee. Mkewe, wifi yangu Wangari, alikuwa na mimba kubwa. Akashika tumbo akasema, "Njoroge, nyamaza! Huyu atazaliwa hapa ndani ya debe!" Tukaangua kicheko sote. Nyapara alitukaripia huku naye meno yake yote yako nje.

Sijui kama kuna mtu aliyeubeba mzaha ule akaupeleka mahali. Watu wengi walichukuliwa bila mzaha wowote.

Wiki chache baadaye, asubuhi, askari walizunguka laini za vibanda tulizolala.

Tuliketishwa chini kwa safu, mikono kichwani.

Likaletwa gunia lenye miguu. Ndani yake kulikuwa na mtu tuliyemjua au tusiyemjua, na macho yake yalichungulia kwenye matundu mawili. Alitembezwa mbele yetu polepole. Gunia likitulia, umepona. Gunia likiinama, unakwenda kambi ya kizuizini.

Mbele yangu lilitulia.

Mbele ya Njoroge likainama.

Njoroge hakucheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akisikiliza jambo mpaka mwisho wake.

*

Hali ya Hatari ikatuhamisha kutoka laini zetu hadi kijiji kipya, chenye handaki kuzunguka pande zote na vijiti vilivyochongwa chini ya handaki, na mnara ambapo hom gadi, Waafrika wenzetu waliopewa bunduki na serikali, walisimama wakituangalia. Handaki tulilichimba wenyewe, sisi wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa wamekwisha kupelekwa kambini. Walibaki watoto, hom gadi, na mzee mmoja aitwaye Gathogo, ambaye serikali ilimwona amezeeka mno kuwa hatari.

Mzee Gathogo alikuwa amepigana vita vya Wajapani kule Bama, na hakuwahi kurudi kabisa. Ukimwuliza njia ya kwenda mtoni, alianzia Bama. Ukimwomba moto wa kuwashia, utaambiwa kwanza jinsi kuni zilivyokuwa na unyevu Bama, na yule ofisa aliyekula nyani bila kujua, na mvua iliyonyesha mpaka samaki wakaingia kitandani. Chai ilipoa, wali uliungua, na watoto walikua mzee akisimulia. Alikuwa na koti lake la jeshi la zamani, rangi ya matope, na alilivaa jua likiwaka kama alivyolivaa mvua ikinyesha.

Wangari alijifungua mvulana. Kama ilivyo desturi yetu, mzaliwa wa kwanza alipewa jina la babu yake, marehemu baba yangu, akaitwa Kimani. Alikuwa mtoto mpole, macho makubwa, na alikuwa akipungua. Mama yake alichimba mchana kutwa na kula kidogo, na maziwa yakamkauka kifuani. Tulimpa mtoto uji mwepesi. Alikuwa akiutazama, kisha anatutazama sisi, kama mtu aliyeagiza kitu kingine.

Nami wakati huo nilikuwa msichana wa kuota mchana. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini ndoto nilikuwa nazo za darasa la kumi. Nilikuwa nimesikia kwamba Thika kuna jumba la sinema, na ingawa sikuwahi kuingia, niliamini kwamba wakiniona tu pale mlangoni watasema, "Aa, huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Kwa hiyo memsahib alipotangaza kwamba kutakuwa na mchezo wa Krismasi, moyo wangu ulikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mke wa mwenye shamba tulimwita Memsahib Filimbi. Filimbi ilining'inia shingoni mwake usiku na mchana. Mlio mmoja ulimwita mbwa, miwili ilimwita mpishi, mitatu ilituita sisi. Wakati mwingine alikosea hesabu, na Meja na mpishi walifika pamoja wakitazamana. Alitaka kumwonyesha Bwana DO, ofisa wa wilaya, na majirani zake kutoka Thika kwamba watu wa shamba lake ni Wakristo wazuri, si wa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Kwa hiyo tutaigiza kuzaliwa kwa Yesu, pale kwenye uwanja wa kukaushia kahawa, saa tisa mchana kwa sababu ya kafyu, amri ya kutotoka nje jioni. Ndiyo maana wachungaji wetu walikesha na kondoo wao mchana kweupe, na nyota ikawaongoza juani.

Mariamu alikuwa Pamela, mpwa wa memsahib, msichana wa kizungu mwenye pengo mbele. Mtoto Yesu alikuwa mwanasesere wa Pamela, mweupe, mwenye macho ya buluu yanayojifunga akilazwa. Meja alikuwa na ugomvi wa zamani na mwanasesere huyo. Mguu mmoja wa mwanasesere ulikuwa na alama za meno.

Yosefu hakupatikana. Wanaume hawakuwepo. Memsahib akatupitia wanawake mmoja mmoja, akasimama mbele yangu, akanitazama kutoka chini kwenda juu, maana mimi nimerefuka kama muwa.

"Wewe iko mrefu. Wewe Yosefu."

Nilitaka kuwa malaika, lakini mtu hakatai kazi. Tukapewa ndevu za katani, kwa kuwa mashamba ya katani yalikuwa karibu na katani haina bei ikiwa ni ya takataka. Wachungaji wote walikuwa akina mama, na wote wakapewa ndevu. Mama Nyambura, aliyekuwa na watoto watano, alijitazama kwenye ndoo ya maji akasema, "Haiya! Sasa naona mume wangu alikuwa akinisumbua kwa nini. Hizi ndevu zinawasha!"

Memsahib aliahidi kwamba kila mwigizaji mkubwa ataomba kitu kimoja kidogo. Wengine waliomba chumvi, blanketi. Nilipoulizwa, nilisema, "Maziwa, memsahib. Chupa moja kila asubuhi. Ya mtoto wa kaka yangu."

Alifikiri. "Mchezo mzuri, maziwa iko. Mchezo mbaya, hapana maziwa. Sikia?"

Nilisikia. Kuanzia hapo sikuwa nikiigiza tena, nilikuwa nikinyonyesha.

*

Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka jirani wa memsahib alipokuja kutazama. Nilikuwa nimeketi zizini kando ya Mariamu, nimeweka mkono juu ya hori kwa upendo mwingi. Jirani akamnong'oneza memsahib. Memsahib akatutazama: Pamela, mimi, hori. Ni kama alituona mara ya kwanza. Uso ukawa rangi ya nyanya, na filimbi ikalia milio ambayo hatukujua ni ya nani. Meja alikuja, mpishi alikuja.

"Yosefu! Toka! Hapana kaa karibu ya Mariamu."

"Memsahib, mimi ni bwana yake," nilisema, nikimaanisha mume.

Hilo liliharibu mambo zaidi. Walizungumza kwa Kiingereza muda mrefu. Mwisho uamuzi ukatoka: Yosefu atasimama nje, mlangoni, ashike taa, asiseme neno. Yaani nikawa bawabu. Mama Nyambura alisema hata mbinguni lazima kuna mlango wa nyuma na mtu wetu amesimama hapo.

Wafalme watatu nao walileta shida. Wa kwanza alikuwa mhasibu wa shamba, Mzungu mwembamba ambaye mkono wake ulitetemeka akipewa kitu chochote. Wa pili alikuwa Bwana Lalji, mwenye duka Ruiru karibu na stesheni, ambaye gari lake lilileta bidhaa shambani kila asubuhi. Wa tatu alikuwa Mzee Gathogo. Memsahib aliwapanga: Mzungu mbele, Mhindi katikati, Mwafrika nyuma, kama tulivyozoea kila mahali penye mlango.

Bwana Lalji akainua kidole. "Memsahib, kitabu nasema wafalme natoka mashariki. Mimi natoka mashariki kweli. Bombay. Huyu bwana natoka magharibi."

Mzee Gathogo naye akasogea. "Ikiwa ni habari ya mashariki, mimi nimekuja kutoka Bama. Bama iko mbele ya Bombay. Tulipita Bombay kwa meli, tukaiacha nyuma, na siku ile mpishi wa meli..."

Filimbi ililia, na Bama ikakatizwa. Mpango ukabaki ule ule.

*

Siku ya mchezo tulitoka kijijini mapema. Tulikuwa wachungaji na mablanketi yetu, fimbo zetu, ndevu zetu mpaka kifuani. Mzee Gathogo alivaa koti la jeshi kama joho na taji la bati. Nyota nayo ilikuwa ya bati la debe, imefungwa juu ya mti mrefu, na mimi ndiye niliyeibeba. Karanja, hom gadi aliyepewa kutulinda, alibaki nyuma kidogo kwa sababu alikuwa amechaguliwa kuwa askari wa Herode na hakuridhika jinsi mkanda wake ulivyokaa.

Kwenye kona ya mibuni ya kahawa, lori la jeshi likasimama ghafla.

Vijana wa Kizungu wakaruka chini. Bunduki zilikuwa mbele yao.

Ndipo nilipotuona kwa macho yao. Watu wenye ndevu ndefu, mablanketi, wametoka kichakani kwa safu. Watu wa msituni walikuwa hivyo hivyo.

"Mikono juu!"

Niliinua mikono. Nyota ikapanda nayo.

Risasi ilipiga nyota. Bati lililia kama kengele.

Tulianguka kifudifudi. Vumbi na katani viliingia mdomoni mwangu. Sikuomba, sikukumbuka hata sala moja. Nilifikiri, sasa maziwa yamekwenda.

Kijana mmoja akaja na kumgeuza Mama Nyambura kwa mguu. Alikuwa rika langu, uso una madoa kama yai la kanga. Akamshika ndevu, akavuta.

Ndevu zikatoka zote.

Kijana alipiga ukelele, akazitupa kama aliyeshika nyoka. Labda alifikiri amemng'oa uso. Mama Nyambura akakaa, akajipangusa kidevu, akasema kwa heshima, "Habari ya mchana, bwana."

Karanja alikuwa anakuja mbio, mkanda mkononi, suruali ameishikilia kwa mkono wa pili. "Wachungaji!" alikuwa akilia. "Bwana, hapana piga! Wachungaji! Krismasi!"

Walielewa polepole. Mmoja akacheka, lakini wengine walibaki weupe kuliko kawaida yao, na yule mwenye madoa alikwenda nyuma ya lori akatapika. Nilimhurumia. Hata leo namhurumia kidogo. Ofisa wao akamsimamisha Mzee Gathogo, akashika koti lake, akauliza amelipata wapi koti la jeshi. Mzee akafurahi kuulizwa. Akaanzia Bama. Ofisa alimsikiliza kidogo, kisha akamtazama usoni kwa namna ya kumweka akilini.

Hawakutuamini sana, kwa hiyo walitusindikiza. Tukaingia uwanja wa kahawa kwa safu, bunduki kushoto na kulia. Wageni walipiga makofi. Sidhani kama kumewahi kuwa na wachungaji waliolindwa vizuri vile.

*

Wazungu walikaa kwenye viti, kivulini. Wahindi, yaani Bwana Lalji alipokuwa hajaingia mchezoni, mkewe na shemeji zake, walipewa benchi moja juani. Sisi wengine tulikuwa chini. Wangari aliketi mbele kabisa, Kimani amelala mapajani mwake.

Zizi lilitengenezwa kwa magunia ya kahawa. Ndani, Mariamu mweupe na mtoto mweupe. Nje, mimi na kandili isiyo na mafuta. Jua lilipita kwenye tundu la risasi katika nyota, iliyotundikwa sasa juu ya zizi, na kunipiga jicho moja, nami sikuthubutu kusogea. Nilisimama kama mlingoti. Malaika aliimba, wachungaji walishangaa, na kila neno lililokwenda sawasawa nililihesabu kuwa ni kijiko cha maziwa.

Wafalme wakaingia. Mhasibu akaweka manukato yake. Bwana Lalji akaweka dhahabu: lilikuwa bati la samli, tupu, lililopakwa rangi ya dhahabu likang'aa vizuri sana. Mzee Gathogo alikuwa bado njiani anapiga saluti kwa kila mtu.

Hapo ndipo Meja alipoamua.

Alipita kati ya miguu ya Bwana DO, akaruka hori, akamshika Mwokozi kwa kiuno na kutoka naye kwa kasi kuelekea kwenye mibuni. Macho ya buluu yalikuwa yakifunguka na kujifunga kwa kila hatua.

Memsahib alipuliza. Meja, aliyetii filimbi maisha yake yote, siku hiyo hakuisikia. Mpishi alikuja.

Mariamu alitazama hori tupu, na mdomo wake wenye pengo ukaanza kutetemeka. Mgeni mmoja alikohoa. Mtu alianza kuinuka kutoka kwenye kiti chake. Nami mlangoni nilikuwa napiga hesabu yangu: bila mtoto hakuna mchezo. Bila mchezo hakuna maziwa.

Niliweka kandili chini.

"Nipe Kimani," nilimwambia Wangari.

"Wifi, umeingiwa na wazimu?"

"Nipe, nipe upesi!"

Alinipa. Sijui kwa nini alinipa. Nadhani ni zile ndevu. Niliingia zizini, ambako nilikatazwa, nikamlaza Kimani horini juu ya nyasi kavu.

Hakulia. Alitazama magunia, akatazama nyota yenye tundu, akamtazama Pamela. Pamela alimtazama yeye. Kisha alimwinua, akamweka begani na kuanza kumbembeleza, taratibu, kama mtu ambaye alikuwa akingoja kwa muda mrefu apewe kitu kinachopumua.

Kwenye viti hakuna aliyepumua.

"Yosefu!" Memsahib alikuwa amesimama. "Nani alisema wewe ingia? Mtoto hii iko ya nani?"

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Lakini niliulizwa, na mama yangu alinifunza kwamba mkubwa akikuuliza unamjibu.

"Yangu, memsahib," nilisema. "Mimi ni Yosefu."

Sauti iliyotoka kwa watu waliokaa chini sijawahi kuisikia tena. Akina mama walicheka mpaka ndevu zikawatoka. Karanja, askari wa Herode, aligeukia ukuta, mabega yanaruka. Na katikati ya kicheko kile Mzee Gathogo akafika horini, akavua taji, akapiga magoti mbele ya mtoto wa Njoroge. Bwana Lalji akamtazama, akapiga magoti pia. Mfalme wa kwanza, yule mhasibu, alimtazama memsahib, akamtazama Bwana DO, kisha akainama nusu, kama mtu aliyeangusha kifungo, na akabaki hapo hapo nusu, haendi chini wala hainuki.

Kimani akamkojolea Mariamu.

Pamela alicheka kwa pengo lake lote. Bwana DO alisimama akatangaza kwamba kafyu imekaribia, ingawa jua lilikuwa bado juu ya mibuni.

*

Kesho yake hakukuwa na chupa. Nilingoja nyuma ya jiko la memsahib mpaka akatoka. "Mchezo ilikuwa mzuri," alisema, "mpaka Yosefu." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma sheria iliyoandikwa na mwingine. Pamela alirudishwa shule ya mbali kabla ya likizo yake kwisha.

Nilirudi kijijini mikono mitupu. Wangari hakunilaumu. Alichukua koleo, akaenda handakini. Usiku ule sikuota chochote.

Siku iliyofuata gari la Bwana Lalji lilisimama kwenye lango la kijiji, mahali lisiposimama. Mkewe alikuwa ndani. Mama huyu sikuwahi kusikia sauti yake. Alishuka na lile bati la dhahabu mikononi.

"Nini hiyo?" Karanja aliuliza.

"Dhahabu," akasema Bwana Lalji.

"Fungua."

Yalikuwa maziwa, ya moto bado, ya ng'ombe wao waliyemfuga nyuma ya duka.

Bwana Lalji alinieleza huku akijikuna shingo, kwa aibu. Tangu mchezo ule mkewe hakumpikia. Kwao, hata kwa mzaha, hata kwa mwana wa mungu asiyekuwa wao, chombo hakipelekwi kwa mtoto kikiwa kitupu. "Amesema mimi nafanya balaa mbele ya watu wote," alisema. "Tafadhali, chukua. Mimi nataka kula."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakumbuka kwamba hata kwetu kiondo cha mtu hakirudi kwake kitupu. Nilikimbia nikachuma mboga ya managu nyuma ya nyumba, nikamjazia bati. Mama yule alinusa majani, akanitazama, akatikisa kichwa upande kwa upande, na kwao hiyo ni ndiyo.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata bati halikuweza kuja tupu. Wala sisi hatukuweza kulirudisha tupu. Lilikuja na maziwa, likarudi na managu, likaja na maziwa, likarudi na mahindi mabichi, mpaka dhahabu ikabanduka yote na Kimani akaanza kutembea kwa miguu yenye nyama. Karanja alilifungua kila siku kulikagua. Kila siku aliuliza, "Nini hiyo?" na kila siku aliambiwa, "Dhahabu."

*

Mzee Gathogo walimchukua mwezi uliofuata mchezo, kwa sababu ya koti. Alitolewa kijijini akieleza habari za Bama, na askari mmoja akimwambia, "Utaeleza huko." Tulisema wamejitakia. Tulisema baada ya wiki moja kambi nzima itakuwa imekiri kila kitu ili mzee anyamazishwe.

Alirudi Hali ya Hatari ikiwa inaisha. Handaki lilikuwa limeanza kufukiwa. Alikuja moja kwa moja kwa Wangari kabla ya kufika kwake. Tulimpa kiti, akakaa. Tulimpa uji, hakuunywa. Alimtazama Kimani aliyekuwa akimfukuza kuku uani.

"Nilikuwa kambi moja na Njoroge," alisema. "Nilimsimulia habari ya mchezo. Nilipofika kwa mbwa alianza kucheka, ikabidi ningoje. Aliuliza jambo moja tu: 'Mtoto alilia?' Nikamwambia hakulia. Kila jioni alitaka nisimulie tena. Kisha homa ya tumbo ikaingia kambini. Tulimzika wenyewe."

Tulingoja. Huyu ni mtu aliyesimulia njia ya mtoni kwa muda wa kuiva maharagwe. Wangari alikuwa amemwinamia, anangoja aongeze: siku gani, alivaa nini, alisema nini mwisho, nyani yuko wapi, mvua iko wapi. Mzee hakuongeza. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, amemaliza.

Hapo ndipo Wangari alipoamini. Aliingia ndani akafunga mlango.

Miaka imepita. Bendera imebadilishwa, memsahib amekwenda kwao na filimbi yake, na sasa mbele kwenye lori anakaa anayefika kwanza. Nilifika Thika, niliingia sinema, nikakaa kiti nilichotaka. Hakuna aliyesema ndiye mimi waliyekuwa wakimtafuta, lakini picha ilikuwa nzuri. Ninayaweka mambo hayo upande mmoja, na yana uzito. Siwezi kusema hayana. Upande wa pili namweka kaka yangu, ambaye hakumwona mwanawe hata siku moja, na ambaye alimjua kwa kisa kimoja tu, cha mbwa na mwanasesere.

Kimani hupenda nimsimulie kisa hicho. Yeye si kama baba yake, husikiliza mpaka mwisho ndipo acheke. Lakini nikifika pale Meja anapopita kati ya miguu ya Bwana DO, mimi hunyamaza kidogo. Zamani aliniuliza, "Tata," yaani shangazi, "umesahau?" Siku hizi haulizi tena. Anangoja pamoja nami, tunampisha mwenye kucheka mapema, halafu naendelea.